Wifi, Chiriku Amenyamaza

4 Februari

Wifi yangu, Mama Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta na vumbi puani, piga chafya kwanza ndipo usome.

Sisi hatujambo. Paa linavuja palepale, juu ya cherehani, kwa hiyo nashona nikiwa nimeegemea upande kama mtu anayesikiliza umbeya. Mwenye nyumba kasema atalitengeneza. Alisema hivyo mwaka jana pia, na kwa sauti ileile nzuri. Binti yako ameingia darasa jipya. Sare imemkaa vizuri kwa sababu nimeishona mimi, na isingemkaa ningesema mwili ndio umekosea.

Sasa sikia. Mwenye nyumba kabandika karatasi ukutani, karibu na bomba la uani: WIFI IPO, ULIZA. Nikaisoma, nikamwambia mlinzi, "Kwanza si ipo, ni yupo. Pili, wifi yangu hayupo, anaendesha rola huko wanakojenga barabara." Mlinzi akaniangalia kwa huruma. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza kuwa ni ule mtandao usio na waya. Basi nyumba nzima tumo mtandaoni, na ile simu uliyomwachia inafanya kazi barabara.

Usiwe na hofu. Nimeweka sheria. Simu haiingii chumbani. Asiongee na mtu asiyemjua. Akivunja sheria, simu itaingia kwenye kopo la vifungo na yeye ataingia jikoni mwezi mzima. Nimeziandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati, herufi kubwa. Anacho kimchezo cha kuchora, wanachora na watoto wengine na kuoneshana. Sijaona ubaya wake.

Na mimi nimefungua ukurasa wa biashara. Chiriku anavaa magauni, napiga picha, naweka, watu wanasifu. Nimekuwa mtu wa kisasa, wifi. Siku hizi hata nikikaa kitini nakaa kisasa.

Mimi wifi yako, asiyetishwa na mtandao,
Fundi

9 Machi

Wifi,

Salamu nyingi, na dereva wa lori la mafuta anayezileta mpe chai, maana barua zetu hukaa karibu na moyo wake, chini ya kiti. Huku bondeni hakuna mtandao wa aina yoyote. Simu yangu imebaki kuwa tochi.

Mimi mzima. Kazi yangu unaijua: naenda mbele, narudi nyuma, mchana kutwa palepale. Juzi kobe alinipita. Siongezi chumvi. Wenzangu waliacha makoleo wakamshangilia kobe.

Tangu kaka yako atutoke hujaniuliza hata mara moja nitamwacha mtoto kwako mpaka lini. Sijawahi kupata namna ya kukushukuru bila kuonekana najikomba, kwa hiyo nimenyamaza miaka minne. Ichukulie hiyo kuwa shukrani.

Kuna jambo dogo. Wiki iliyopita dereva aliniletea barua ya Chiriku mwenyewe. Ina mistari minne. Mama sijambo, shule nzuri, shangazi mzima, kwaheri. Huyu ni mtoto tuliyempa jina la ndege kwa sababu hata usingizini anaongea. Labda ni umri tu. Labda mimi nikikaa juu ya mtambo peke yangu nahesabu yasiyokuwepo. Lakini mtazame kwa macho yangu, wifi, kisha uniambie.

Mama Chiriku

6 Aprili

Wifi mpenzi,

Barua yako imefika na dereva amekunywa chai, amekunywa na ya pili ambayo hukuiagiza.

Habari za hapa ni tele. Mlinzi anaoa. Jino langu la nyuma limeng'olewa na daktari aliyeniambia "utasikia kama unasukumwa kidogo". Namwombea kwa Mungu asije akasukumwa hivyo na yeye. Paa bado. Ukurasa wangu unakua. Wiki hii nimepata mteja mpya, mwanamume mstaarabu sana, anasifia kila picha. Kaniandikia kuwa pindo zangu zina roho. Miaka yote hii nashona, hakuna aliyewahi kuona roho kwenye pindo. Nilimsomea jirani ujumbe huo, kisha nikamsomea tena akiwa anajaribu kuondoka.

Chiriku mzima. Alama za hesabu zimeshuka kidogo, kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa tatu nilichukua simu nikaitia koponi. Alinipa bila ubishi wowote. Unaona, wifi, sheria zinafanya kazi.

Mvua huko vipi?

Fundi

28 Aprili

Wifi,

Mvua ipo. Pole kwa jino.

Nimeisoma barua yako yote nikimtafuta mtoto wangu. Nimemkuta kwenye maneno mawili, kati ya pindo zenye roho na alama za hesabu.

Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayetoa simu yake bila ubishi, huyo hajatii. Huyo kapumua. Mimi sikusoma sana, lakini hilo nalijua, kwa sababu ndivyo ninavyotoa ufunguo wa rola jioni.

Nakuuliza wazi, na unijibu wazi. Chiriku ana nini?

Mama yake

25 Mei

Wifi,

Tuko wazima. Naanza na hilo kwa makusudi. Mtoto hajaguswa na mtu. Yuko hapa karibu nami anamenya viazi. Sasa kaa chini ndipo uendelee.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nimewashia jiko.

Kwenye ule mchezo wa kuchora kulikuwa na mtu aliyejiita Dada Rangi. Alisema ni msichana wa miaka kumi na minne, yuko shule ya bweni, hana rafiki. Alisifia michoro ya Chiriku kuliko yeyote. Kisha akasema humu mna kelele, tuongee pembeni, sisi wawili. Kisha akasema tusimwambie mtu, wakubwa hawaelewi urafiki. Yote hayo polepole na kwa upole. Kisha akaanza kuomba picha. Ya uso, Chiriku akatuma. Ya sare, akatuma. Halafu akaomba ya aina ambayo sitaiandika hapa. Chiriku akakataa. Ndipo Dada Rangi akageuka. Akamwambia: najua shule yako, najua duka la shangazi yako lenye mlango wa kijani, usiponitumia nitamwambia kuwa unaongea na usiyemjua, na wewe unajua atakufanya nini.

Hakumtishia kwa kisu, wifi. Alimtishia kwa mimi. Mtoto alikuwa amemsimulia sheria zangu za kwenye kabati, kama watoto wanavyowasimulia wenzao vituko vya nyumbani, naye akazitumia kama fimbo.

Shule na duka alivijua wapi? Kwenye ukurasa wangu. Nimemweka Chiriku na sare yenye nembo, nyuma yake kibao cha duka, chini nimeandika: "Mwanetu akitoka masomoni, kila siku hupitia hapa kunisaidia." Ndani ya nyumba nimemfungia mtoto kwa chaki, nje nimeigawia dunia nzima njia anayopita.

Nilipotia simu koponi, yule mtu alikosa pa kumpata. Akanijia mimi. Ndiye yule mstaarabu wa pindo zenye roho.

Aliniandikia kuwa binti yake ana umbo kama la msichana wangu wa kwenye picha. Anataka gauni, anacho kitambaa, akanipa na namba ya simu ya kuulizia. Je, anaweza kumkabidhi msichana huyo kitambaa njiani? Anatoka shule saa ngapi? Nami nikamjibu. Saa tisa na nusu, nikaandika, nikaweka na kile kiuso kinachocheka. Mimi, mwenye sheria ya kutoongea na asiyemjua.

Chiriku alikuwa kando yangu anatia vifungo kwenye blauzi. Akachungulia simu. Ujumbe wa yule mtu ulimalizika kwa "shukrani za rangirangi". Sindano ikamponyoka.

"Shangazi, usimjibu."

"Nimeshamjibu."

"Huyo ni Dada Rangi. Ndivyo anavyomalizia kila ujumbe."

"Dada Rangi ndiye nani?"

Akaanza kusema, akasema yote, akiwa anaangalia sakafu. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari kufoka, wifi, unanijua. Kisha nikaona macho yake yamekwenda kwenye kabati, kwenye ile chaki. Nikaufunga. Nikamwambia, "Wewe huna kosa. Mwenye kosa ni yule mtu mzima." Sijui neno hilo nililitoa wapi. Kwa kawaida neno la busara hunijia baada ya wageni kuondoka.

Nilitaka kufuta kila kitu, hata kuitia simu kwenye ndoo ya maji. Chiriku akanishika mkono, akasema tukifuta hatutakuwa na cha kuonesha. Tukaenda kwa mwalimu wao wa ushauri, naye akatupeleka polisi, kwenye dawati la watoto. Askari ni mama mmoja mwenye miwani, hapandishi sauti. Alimsikiliza Chiriku bila kumkatiza. Kisha akaniambia mimi, "Msifute chochote. Na usimjibu tena, hata kwa matusi." Hilo la mwisho liliniuma, maana nilikuwa nimeshatunga matusi mazuri sana. Wamechukua nakala za jumbe zote, ndipo tukamzuia huyo mtu kwenye simu zote mbili. Picha zimetoka kwenye ukurasa. Asubuhi nampeleka shule, mchana namfuata.

Kwa nini sikukuandikia mapema? Nilipata barua yako ya mwezi wa tatu nikaona kweli amepungua maneno, nikajiambia ni utu uzima. Nilipojua yote, niliogopa. Watu hupenda kusema mawifi hawapendani. Niliogopa useme kaka yangu aliniachia mtoto mmoja tu nikashindwa.

Nilimuuliza Chiriku kwa nini hakuniambia. Akasema, "Sheria." Nikamuuliza, kwa nini basi hukumwandikia mama jambo hili? Akasema, "Mama aliniambia neno stendi, siku anaondoka." Neno gani, hataki kusema. Labda wewe utaniambia.

Fundi

11 Juni

Wifi,

Nimepata barua. Hii ni ya tatu kuandika, mbili nimezichana.

Ahsante kwa kwenda polisi. Ahsante kwa kutofoka.

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi kasema mpaka kipande cha darajani kiishe, mwezi wa nane. Nikija nitamchukua Chiriku. Mji wa karibu na kambi una shule, na mpishi wetu ana dada yake huko mwenye chumba. Tafadhali mwandae.

Usidhani nina hasira. Sina hasira.

Mama Chiriku

14 Julai

Wifi,

Salamu. Nimeelewa. Nimeanza kukunja nguo zake. Nimezikunja, nimezikunjua, nimegundua gauni moja halina kifungo, nikakaa kulishughulikia siku nzima, kazi ya kupepesa jicho.

Lakini kwanza pokea habari: amekamatwa. Ile namba aliyonipa ya kuulizia kitambaa ndiyo iliyomponza. Ni mtu mzima, mvi zimeanza kumwingia, wala si wa mitaa yetu. Simuni mwake wamekuta jumbe za watoto wengine, wengine wadogo kuliko wetu. Kesi bado. Yule mama wa miwani alikuja mwenyewe dukani kumwambia Chiriku, si kuniambia mimi. Alimwambia, "Hao wenzako wamepata msaada kwa sababu wewe ulisema." Chiriku akauliza kama wenzake hao wako salama. Akaambiwa wako na watu wao. Akaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo akalia, nami nikalia upande wa pili wa pazia, na mteja mmoja aliyekuja kupunguza suruali akaona aondoke taratibu.

Shule ikaitisha mkutano wa wazazi. Mwalimu wa ushauri aliniomba niseme neno, bila kumtaja mtoto. Nilivaa gauni langu la heshima. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye methali. Nikasimama, methali zikanikimbia zote, nikajikuta nasema tu yaliyotokea. Kwamba mimi ndiye niliyeweka sare mtandaoni. Mimi ndiye niliyesifiwa pindo nikalainika kama siagi juani. Nilipofika kwenye kile kiuso kinachocheka, wazazi wakacheka. Nikasema, "Chekeni, lakini usiku wa leo nendeni mkatazame picha mlizoweka nyinyi." Baba mmoja fundi bomba akatoa simu yake palepale, akaanza kupekua, jasho linamtoka.

Mzazi mwingine, muuza vitabu, akanyoosha mkono: "Sasa tuwanyang'anye simu?" Nikasema mimi niliinyang'anya, na yule mtu akanifurahia. Mtoto aliyenyang'anywa simu kwa kukosea, siku ya pili akikosea atakwambia? Baada ya mkutano muuza vitabu alinisubiri mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, mtu anaanzaje kumuuliza binti yake bila kuonekana anampeleleza. Nikamwambia sijui, mimi huanza tukiwa tunafanya kazi ya mikono, ili macho yawe na pa kukimbilia.

Simu nimemrudishia. Akaunti yake tumeifunga, asiyemjua hawezi kumwandikia, na hiyo kazi aliifanya yeye huku mimi nikiuliza kila hatua "hapo umebonyeza nini?" mpaka akaniomba nikae kimya kidogo. Ukurasa wangu sasa una magauni yaliyovalishwa sanamu ya mbao isiyo na kichwa. Wateja wanasema inatisha. Ile chaki ya kabatini nimeifuta.

Atakuwa tayari utakapokuja. Sitakuzuia, wewe ndiye mama. Ila neno la stendi hujanijibu.

Fundi

9 Septemba

Wifi,

Nimefika kambini salama, mgongo ukiwa na alama za kiti cha basi. Msimamizi kaniuliza kwa nini nimerudi peke yangu wakati niliaga nakwenda kuchukua mtoto. Nilimwambia ni habari ndefu. Wewe nadaiwa kukueleza, maana asubuhi ile niliondoka kabla hujaamka, na sababu haikuwa basi kama nilivyokuambia jana yake. Niliogopa utaniuliza uso kwa uso.

Neno la stendi ni hili. Siku naondoka nilimshika mabega Chiriku nikamwambia: "Usimsumbue shangazi yako. Shida zako zivumilie mpaka nirudi." Nilidhani nafunza adabu. Kumbe nilimziba mdomo, wewe ukajiziba masikio kwa chaki, na katikati yetu akapita mtu. Nilipokuandikia kwamba sina hasira, nilikuwa nayo ya kujaza tangi la rola, na robo tatu ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikubebesha yote kwa sababu ulikuwa mbali na hukuweza kuniona.

Unakumbuka ile siku ya mwisho ulipokwenda kununua uzi, ukatuacha tunafunga mizigo? Nilimwambia neno lile nalifuta. Nikamwambia siku nyingine likitokea jambo, hata kama amekosea yeye, aseme mara moja. Akaendelea kukunja soksi. Kisha akauliza, "Nimwambie nani kwanza, wewe au shangazi?"

Nikamjibu, "Yeyote." Moyoni nilijua atasema mimi.

Akafikiri kwa makini, kama anachagua kitambaa. Akasema, "Basi nitamwambia shangazi. Yeye hukasirika kwa sauti, halafu inaisha, anapika chai. Wewe hukasirika kimya, mama, na mtu hajui itaisha lini."

Nilicheka, nikamwambia naenda kuchukua maji uani. Nilikaa bombani mpaka ndoo ikafurika na mlinzi akaja kuifunga koki mwenyewe. Niliporudi nilifungua begi lake, nikaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini kwako. Yeye akanipokea zile za rafu ya juu, ambayo mimi siifikii.

Kwa hiyo amebaki kwako, si kwa sababu nimekosa shule huku. Amebaki kwa mtu atakayemwambia.

Nami nimeanza mazoezi. Jana msimamizi alinipangia zamu mbili mfululizo, nikamfokea mbele ya watu wote, kwa sauti, mpaka mwisho. Kisha nikamtengenezea chai. Hakuinywa, alihisi nimetia kitu.

Wifi yako anayejifunza ukubwani,
Mama Chiriku